Goti la Bawabu

Pasi ilikuwa imeshapata moto, na kaka mtu alikuwa amefika kwenye kola ya shati lake la kazi, pale bega lake la kulia lilipofunguka. Lilifunguka kama mfuko wa unga uliopitishwa kisu, kutoka shingoni hadi karibu na kwapa, na damu ikamwagikia ubao wa kupigia pasi. Kwanza aliisimamisha pasi wima isije ikaunguza shati. Kisha akaita.

"Mama! Wameanza."

Mama yake akatoka jikoni akijifuta mikono. "Mapema hivi? Mtu hata chai hajanywa." Akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akalichungulia jeraha kama anayechagua nyama buchani. "Huyu katumia shoka."

"Upanga, mama. Ule wa mikono miwili."

"Upanga hukata mkato mwembamba."

"Ule mzito. Na huyu ni mgeni. Kapiga mara moja, sasa hivi kakimbilia nyuma ya nguzo, anahema."

Wakasubiri. Pigo la pili halikuja.

"Si nilikwambia?" kaka akasema. "Nimeshamuua."

Mama akaanza kumfunga bendeji. Dada mtu alikuwa mezani, ameinamia kikombe chake. Yeye alijua kuwa ni upanga, na alijua unapatikana kwenye kisima cha pili cha mchezo, upande wa kushoto, chini ya mifupa.

Mchezo wenyewe uliitwa Ngome Isiyolala. Ulikuwa mchezo wa video wa mapigano, wa aina ile ambayo mchezaji humlea mtu wake tangu hana hata viatu, humvisha, humnoa, humwongezea nguvu kidogo kidogo, kisha humpeleka kufa. Mwisho wa ngome palikuwa na mlango, na mlangoni alisimama Bawabu. Mchezo haukuwa umefika madukani. Wahakiki tu ndio waliokuwa na nakala, wametawanyika katika miji mbalimbali, na dada mtu alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo kila jeraha lililofunguka pale nyumbani lilitoka kwa mtu wa kazi moja na yeye. Aliona haya, kama mtu ambaye rafiki zake wanarushia mawe paa la kwao.

Kaka alikuwa fundi wa friji. Mwaka uliotangulia, kazi za friji zilipokauka, kampuni ya michezo ilimchukua kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake na namna alivyotembea, kwani goti lake la kushoto liliwahi kuteguka utotoni na halikurudi vizuri. Walimvalisha nguo nyeusi ya kubana kama soksi, iliyobandikwa vishikizo vya kung'aa, wakamweka katikati ya bohari lenye kamera pande zote, wakampiga. Mwanzo walimpiga kwa marungu ya sponji. Mwelekezi akasema sponji inamfanya adanganye kuanguka, ndipo wakaleta marungu ya mti. Mwelekezi alikuwa mtu mstaarabu, na baada ya kila pigo alisema asante. Kaka alipotoka bohari lile alikuwa amewauzia kila namna aliyojua ya kuanguka: kifudifudi, chali, kwa magoti, kwa kujipinda ubavu. Wakaitia yote ndani ya Bawabu.

Majeraha yalipoanza, kila alipopigwa Bawabu mwili wa kaka ukifunguka pale pale, walikwenda hospitali. Daktari alishona, akauliza kama mchezo wenyewe ni mzuri.

"Ni mgumu sana," dada alimjibu.

"Basi hiyo ndiyo salama yenu," daktari akasema, akakata uzi.

Na kweli ilikuwa salama. Bawabu alikuwa mkali kupita kiasi. Wahakiki walimfikia wakiwa wamechoka, wakampiga pigo moja au mawili, naye akawapasua vichwa. Kaka alikuwa na makovu, lakini aliamka, alinyoa ndevu, alikwenda kutengeneza friji za watu.

Ofisi ya jarida lao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la miwani. Mapazia hayakufunguliwa kamwe, na viti vilikuwa vimechakaa hivi kwamba kila mtu alileta mto wake kutoka nyumbani. Dada mtu aliitwa Bi Sita pale ofisini, kwa sababu hakuwahi kuupa mchezo wowote chini ya alama sita kwa kumi. Hata ule mchezo wa farasi waliokuwa wakipita ndani ya kuta aliupa sita, akaandika kwamba farasi wenyewe walikuwa na macho mazuri.

Jarida lilikuwa na sheria moja ambayo mhariri aliipenda kuliko mkewe. Asiyemaliza mchezo hatoi alama. Unaweza kuandika utakalo, ukalia, ukasifu, lakini ile namba ya chini, ambayo ndiyo peke yake wasomaji husoma, huipati mpaka mwenzako akae kando yako na kushuhudia ukimuua adui wa mwisho.

Asubuhi hiyo Bi Sita alikuwa mbele ya Bawabu tena. Alikuwa amekaa naye juzi, jana, na sasa. Hakumpiga. Bawabu aliinua rungu lake, naye akasogea hatua moja pembeni. Bawabu akazunguka, naye akainama. Alijua kila kitakachofuata kama mtu anavyojua ngazi za kwao gizani. Walikulia chumba kimoja, wakapigana mieleka juu ya godoro moja, na hakuna namna mwili ule ungeweza kumshtukiza.

Nyuma yake aliketi Kidole, mhakiki aliyesifika kwa mikono myepesi. Bawabu alikuwa amempa kipigo cha mbwa mwizi tangu ofisi ilipofunguliwa. Alikuwa amenyongwa, amekanyagwa, na mara moja alirushwa ukutani na vipande vyake vikateremka kimoja kimoja. Sasa aliweka chini padi yake ya kuchezea, akageuza kiti.

"Bi Sita, we mchawi."

"Mimi?"

"Nakuangalia. Huyu jamaa hajakugusa hata unywele. Unaongea naye nini?"

"Siongei naye."

"Basi nipe siri, dada yangu. Nina watoto. Nimekufa mpaka nimesahau majina yao."

Bi Sita alikuwa mtu asiyeweza kuacha swali lining'inie. Akiulizwa barabara alielekeza, hata na yeye mwenyewe akiwa amepotea. Na pia, ukweli usemwe, alijivunia kidogo. Hakuna mhakiki mwingine duniani aliyejua jambo lile.

"Akitaka kupiga kweli," akasema, "goti lake la kushoto hulegea kwanza. Kidogo tu. Ndivyo alivyo tangu utotoni. Hapo ukisimama upande huo hakuoni."

Aliposikia maneno yake mwenyewe alinyoosha mkono kukizuia kiti cha mwenzake. Kidole alikuwa ameshageuka.

Ilikuwa rahisi kama kufungua kopo. Bawabu aliinua rungu, goti likalegea, Kidole akaingia upande wa kushoto na kumkata nyuma ya paja. Bawabu akala mweleka. Kidole akampiga ubavuni, akampiga shingoni, akampiga mgongoni pasipokuwa na haja, kwa vile alikuwa na hasira za asubuhi nzima. Taya la Bawabu likatoka mahali pake. Mkono ulioshika rungu ukaanguka ukiwa bado umelishika. Mwisho Kidole alipanda juu ya kifua kile kipana na kuushindilia upanga kwa mikono yote miwili mpaka ncha ikagonga sakafu, na chumba kizima kikapiga meza kwa viganja, kama ilivyokuwa desturi mtu anapomaliza.

Simu ya Bi Sita ikalia.

"Kakako amekufa," mama akasema. "Alikuwa kwa mteja, wamemleta kwa mkokoteni. Ukirudi pitia sabuni, ile ya unga, hii ya mche haitoi damu."

Alipofika nyumbani majirani walikuwa wameshaleta viti. Kaka alikuwa sebuleni, amefunikwa shuka, na mkono wake umewekwa kando yake kwa adabu. Watu walizungumza kwa sauti ya chini. Mteja wa friji naye alikuwepo, amevua kofia, akieleza kwamba marehemu alikuwa ameshamaliza kufunga kompresa na friji sasa inagandisha vizuri.

Saa hiyo hiyo, juu ya duka la miwani, Kidole alianza mchezo upya ili apate picha za kuwekea makala. Shuka likasogea, na mkono ukajiunga tena na bega. Kaka akaketi, akalishika taya lake akalirudisha, akaomba maji.

"Basi tumshukuru Mungu," jirani mmoja akasema, na wote wakaanza kukunja viti.

Makala ya Kidole ilitoka kesho yake ikiwa na kichwa cha habari kilichosema tazama goti la kushoto. Haikuwahi kutokea jarida likasomwa vile. Ndani ya siku chache wahakiki wa kila mji walikuwa wamemmaliza Bawabu, na kaka alikufa akinyoa, akafa akivuka barabara, akafa kichwa chake kikiwa ndani ya friji ya watu. Kila mara aliamka. Kila mara palibaki kovu. Majirani waliacha kuja; walipopita dirishani waliuliza tu, "Yupo?" na mama akajibu, "Yupo, anakuja."

"Inauma?" Bi Sita alimuuliza.

"Inauma."

"Hata ukishazoea?"

"Hakuna kuzoea. Kila pigo ni la kwanza." Kisha, kwa kuwa alimwona dada yake amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa, akasema, "Mtu wa jana usiku alikuwa na mikono mizuri lakini."

Hakiki zilianza kutoka, na zote zilikuwa za kumi kwa kumi. Waliandika kwamba tangu michezo ianze hakujawahi kuonekana pigo lenye uzito namna ile. Mmoja alisema alipomkata Bawabu alihisi mfupa. Mwingine alisema kwamba Bawabu huanguka kama mtu mwenye mama. Lawama ilikuwa moja tu: mchezo ni mgumu, na si kila mnunuzi ana muda. Kampuni ilisikia. Ilitangaza kwamba siku mchezo utakapoingia madukani kutakuwa na njia nyepesi, na katika njia hiyo goti la kushoto la Bawabu litawaka taa.

Siku hiyo Bi Sita aliingia chumba cha mhariri bila kuitwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nataka kuupa moja," akasema.

Mhariri akavua miwani. "Moja? Wewe?"

"Moja kwa kumi. Watu wasiununue."

"Mwanangu, wewe wale farasi uliwapa sita." Akamtazama. "Umemuua Bawabu?"

"Bado."

"Basi huna alama. Sheria ni sheria. Muue kwanza, uje na shahidi, nami nitaiweka hiyo moja yako kubwa kama sahani."

Alimweleza kaka yake wakila chakula cha mchana. Alieleza vibaya, akirudia maneno, akiuchezea mkate mpaka ukawa makombo.

"Kwa hiyo uniue mara moja," kaka akasema, "ili wengine wasiniue."

"Labda wasikuue."

"Lini?"

"Ukitaka tuache, tuache."

"Tuache vipi na taa inawekwa?" Akapangusa sahani yake. "Ila fanyia hapa hapa, sitaki kufia njiani tena. Na usinipige ovyo kama yule mwenzako. Mtu alinivunja mbavu wakati nimeshakufa!"

Jumamosi alasiri Kidole alikuja kushuhudia, amevaa shati safi na amebeba maembe kwenye mfuko. Mama alikuwa ametandika nailoni juu ya kochi na sakafu. Kaka alisimama kumpokea mgeni.

"Wewe ndiye uliyenikanyaga asubuhi nzima ile," Kidole akasema.

"Na wewe ndiye uliyenitoa taya."

"Samahani, kaka. Nilikuwa na hasira."

"Kazi ni kazi. Karibu ukae."

Wakapeana mikono. Bi Sita akawasha mashine. Kaka akaketi karibu naye, bega kwa bega, kama walivyokaa zamani wakigombania padi moja.

Alimpeleka mtu wake mlangoni. Bawabu akainua rungu. Goti likalegea, na kochini goti lile jingine likalegea nalo na kugusa la kwake. Bi Sita akaingia upande wa kushoto.

Alikata nyuma ya paja, na nailoni ikalowa.

"Hapo hapo," kaka akasema kwa meno yaliyobanwa. "Sasa usingoje. Shingo."

"Siwezi."

"Unaweza. Ukingoja naumia zaidi."

Alikuwa akilia, na kwa sababu ya machozi pigo la pili lilikwenda kombo likampasua kaka shavu hadi sikioni, meno ya nyuma yakaonekana. Damu ikamrukia Kidole kwenye shati. Kidole alifunika glasi yake kwa kiganja. Bawabu alikuwa anajaribu kuinuka, kaka naye alikuwa anajaribu kuinuka, na Bi Sita akajikaza, akapiga shingo, pigo moja, safi, lililofika mwisho. Kichwa cha kaka kikalala begani kwake kama cha mtu aliyesinzia safarini.

Kidole alitaka kupiga meza, kama desturi. Akamwangalia mama, akaipiga taratibu, kwa kidole kimoja.

"Nimeshuhudia," akasema.

Bi Sita aliandika akiwa amekaa pale pale, bila kumsogeza. Aliandika kwamba ndani ya Bawabu mna mtu. Aliandika kwamba ni kaka yake, fundi wa friji, anayependa kulala mlango ukiwa wazi. Kwamba kampuni ilimpiga kwa mti na kusema asante. Kwamba kila pigo linamfikia, na kila mara ni la kwanza. Kwamba yeye amemuua leo saa za alasiri na alikuwa na joto. Aliwaomba watu wasinunue. Chini akaweka moja. Kisha akaanza mchezo upya ili kaka aamke.

Mhariri aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi.

"Kwa hiyo kweli pigo linamfikia?"

"Linamfikia."

"Hii," akasema, "ndiyo hakiki bora kabisa iliyowahi kupita mikononi mwangu." Hakubadilisha hata nukta. Ile moja aliiweka kubwa kama sahani, kama alivyoahidi.

Ile moja iliingia kwenye wastani wa dunia pamoja na kumi zote, ikapotea kama tone katika pipa. Lakini maneno hayakupotea. Watu walitumiana. Wasomaji waliandika kwamba walikuwa hawana haja na mchezo huo, lakini sasa lazima wauone. Wengine walimpa pole dada, wakauliza kama kaka anaweza kuhisi tofauti ya mshale na mkuki. Kampuni ilichukua sentensi moja tu na kuibandika kwenye mabango ya barabarani, chini ya picha ya Bawabu akivuja damu: Kila pigo linamfikia mtu.

Mchezo ukaingia madukani. Tangu asubuhi mtaa wao ulikuwa kimya, hakuna aliyetoka, na kwenye kila dirisha paliwaka mwanga wa samawati. Kila baada ya muda sauti ya shangwe ilipasuka nyumba fulani, na sebuleni kaka akaanguka. Aliinuka, akaanguka. Mkono ulitoka ukarudi. Ilipofika adhuhuri alikuwa hawezi tena kumaliza kikombe cha maji kati ya kifo kimoja na kingine, na Bi Sita akawa anamnywesha kwa kijiko, akisubiri macho yafunguke. Kuta zilikuwa na damu hadi usawa wa taa. Mama alikuwa ameacha kuzifuta. Alifuta sakafu tu, mahali pa kupita.

Simu ikalia, mama akapokea.

"Yupo," akasema, "ila amekufa. Subiri kidogo."

Kaka alipoinuka alimpa. Alisikiliza, taya likiwa limeshikiliwa kwa mkono mwingine. Kisha akaiziba simu kwenye kifua chake.

"Ni mwelekezi," akamwambia dada yake. "Wanatengeneza mchezo wa pili. Anasema wamesoma hakiki yako kule bohari, wakalia wote."

"Anataka nini?"

"Anasema Bawabu atakuwa na dada. Anauliza kama..." Akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu bega lile lilipofunguka, uso wake ulikuwa na hofu. "Usimjibu. Akikuuliza chochote, wewe usi..."

Nyumba ya jirani wakashangilia. Kaka akaanguka kifudifudi, na shingo yake ikafunguka, na simu ikateleza sakafuni hadi kwenye viatu vya Bi Sita. Ilikuwa bado hai. Sauti ndogo ya kistaarabu ilikuwa inasema halo, dada yupo hapo, halo, tunaweza kumuuliza swali moja tu?

Bi Sita alingoja kaka yake ainuke. Nyumba ya pili wakashangilia, na ya tatu, na hakuinuka. Sauti ikarudia swali lake, bila haraka.

Akaiokota simu, akaipangusa kwenye sketi yake, akaiweka sikioni.

"Nasikiliza," akasema.